Tuliomba Maji Mwezi wa Tano

Daftari la kwanza lina jalada la bluu ambalo mende wamelitafuna pembeni. Nililinunua Januari 2013, siku ambayo sisi akina mama wa chemchemi tulichagua kamati chini ya mparachichi. Nilipewa ukatibu kwa kuwa nafundisha chekechea na mwandiko wangu unasomeka. Mwenyekiti ni mama mkongwe tunayemwita Kukhu. Hajui kusoma, ila anamkumbuka kila mtu aliyewahi kuteleza kwenye yale mawe, na mwaka alioteleza. Siku hiyo aliniambia, "Andika kila kitu, mwanangu. Hata ugomvi." Nimeandika kila kitu tangu hapo, hata ugomvi.

Wiki iliyopita msichana mmoja kutoka ng'ambo ya mto alikuja kuniuliza tulifanyaje hata maji yetu yakaingia kwenye mpango wa kaunti. Nilimweleza nusu saa nzima, akaondoka akiwa amechanganyikiwa, nami nikatambua kwamba nilikuwa nimeanzia mwisho. Hapa naanza upya kwa ajili yake, na kwa ajili ya yeyote ambaye ameketi kwenye tenti ya maoni akasema haja ya kijiji chake, kisha asisikie tena habari yake.

Kijiji chetu kiko bondeni, magharibi mwa Kenya, upande mmoja wa barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kakamega. Wadi sitaitaja, wala mtu. Tunazikana, tunaozeshana, na Jumapili tunakaa benchi moja kanisani.

Maji yanatoka chini ya mwamba, kwenye jicho ambalo halijawahi kukauka hata mwaka mmoja. Lakini kabla ya kujengewa yalikuwa yakitanda kwenye kidimbwi, na kidimbwi hicho ng'ombe nao walikijua. Mvua ya Aprili ikinyesha, mteremko wote uliteremsha udongo na uchafu ukaingia humo humo. Ukurasa wa pili wa daftari unasema: Jumamosi tarehe 19 Januari 2013, saa kumi na mbili asubuhi, mitungi 61 kwenye foleni, mtungi wa lita 20 unajaa kwa dakika nne. Wa mwisho aliondoka saa nne. Nataka uikumbuke hiyo saa nne, kwa sababu ndiyo saa ambayo mikutano yote ya maoni niliyowahi kuisikia huitishwa. Mama wa mtungi wa 61, akifika nyumbani, bado hajapika, hajafua, hajamwogesha mtoto. Anayeujua uzito wa maji kuliko wote ndiye asiyefika kuyaomba.

Baba yangu alihudhuria mabaraza ya chifu tangu nikiwa mdogo. Alivaa koti siku hizo. Wananchi walikaa kwenye nyasi, maofisa kwenye viti, na habari ilitoka upande wa viti kuelekea upande wa nyasi. Mwaka 1983 serikali ilitangaza kwamba wilaya ndiyo itakuwa kitovu cha maendeleo mashinani, na kulikuwa na kamati ya maendeleo ya wilaya ambayo ingepokea haja za watu. Baba alisema kutoka zile nyasi hadi kwenye ile kamati palikuwa na ngazi nyingi: lokesheni, tarafa, ndipo wilaya. Ombi likipanda, lilifika limechoka.

Kisha miaka ya 2000 mabaraza ya zamani ya kaunti na miji, yaani halmashauri za madiwani, yakawa yanapata mgao kutoka serikali kuu, na sharti mojawapo lilikuwa wananchi waulizwe wanataka nini. Diwani wetu aliitisha mkutano shuleni. Tukaomba chemchemi ijengewe. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza ombi letu kuandikwa na mtu wa serikali, nasi tulirudi nyumbani tukiimba.

Halafu nchi ikageuka. Tarehe 4 Agosti 2010 tulipigia kura katiba mpya. Mimi nilisema ndiyo, na mwezi huo huo, tarehe 27, ikazinduliwa. Niliisoma kwa Kiswahili, kifungu baada ya kifungu, jioni baada ya chakula. Kifungu cha 10 kinaweka ushirikishi wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Cha 174 kinasema ugatuzi, yaani kushusha madaraka hadi kaunti, unakusudiwa kuwapa watu uwezo wa kujitawala na kushiriki katika maamuzi yanayowagusa. Cha 201 kinadai uwazi na ushirikishi katika fedha za umma. Nilipofika hapo nilimsomea mume wangu kwa sauti. Tuliyaamini maneno hayo, na mimi bado nayaamini. Kama nisingeyaamini nisingekuwa na madaftari haya.

Machi 4, 2013 tukapiga kura sita kwa mkupuo mmoja. Kaunti 47 zikaanza kazi. Diwani akaondoka, akaja mwakilishi wadi. Baraza la zamani la kaunti likavunjwa pamoja na ofisi zake, na faili letu lilikuwa katika mojawapo ya ofisi hizo.

Nilikwenda kulitafuta. Nilipanda matatu mara tatu mwaka huo. Kila ofisi ilinielekeza kwenye nyingine, na vijana waliokuwa wameajiriwa karibuni hawakujua hata ninaulizia nini. Mwishowe nilimpata mzee mmoja aliyekuwa karani enzi za baraza la zamani, amestaafu, anafuga kuku nyumbani kwake. Akanikaribisha chai. Aliniambia kwamba Mamlaka ya Mpito, ile iliyosimamia kuhama kutoka mfumo wa zamani kwenda ugatuzi, ilikuwa na kazi ya kuorodhesha mali na madeni ya mabaraza. "Basi mwalimu, walihesabu magari, wakahesabu viti na viwanja. Maombi ya watu si mali, wala hayakuandikwa kuwa ni deni. Nani angeyahesabu?"

Niliyaandika maneno yake njiani, ndani ya matatu, mkono ukitikisika. Baba alikuwa akipenda kusema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilidhani ni habari ya wenye maduka.

Mkutano wetu wa kwanza wa kaunti mpya ulifanyika mwaka huo huo wa 2013, wakati mpango wa kwanza wa miaka mitano ulipokuwa ukiandaliwa, ule wa 2013 hadi 2017. Tulikaa kwenye uwanja wa kanisa. Kulikuwa na tenti, soda na viti vya plastiki kwa wote, na wazee wengi waliguswa na hilo la viti kwa wote. Kila kijiji kilipewa dakika tano. Nilisimama nikasema maji. Vijiji sita kati ya vinane vilisema maji; nilipiga alama kila mara. Kisha karatasi ya mahudhurio ikazungushwa, tukaandika majina, nambari za kitambulisho, tukatia sahihi.

Hapo kwenye ile karatasi nataka nikae kidogo. Haikuwa na kichwa. Haikusema tumekubali nini wala tumeomba nini. Ilikuwa na mistari tu. Baadaye niliiona ikiwa imebandikwa nyuma ya ripoti, na ripoti ilisema wananchi wa wadi wamependekeza mlingoti wa taa sokoni, ule unaoitwa mulika mwizi, barabara ya kuchongwa, na darasa la chekechea. Maji yalikuwa kwenye sentensi moja, karibu na mwisho, kati ya "masuala mengine yaliyojitokeza". Sahihi yangu ilikuwa ya kumi na saba.

Siidharau taa. Mama anayeuza omena sokoni sasa anauza hadi saa tatu usiku, na hajaporwa tena. Darasa nalo lilikuwa na haja yake, ingawa kuta zilifika juu ya madirisha zikasimama hapo miaka mingi. Ninacholilia ni kwamba sahihi za watu walioomba maji zilitumika kuthibitisha kwamba waliomba kitu kingine. Tangu siku hiyo, karatasi ikizungushwa kwetu, wa kwanza kuipokea anaandika juu kabisa, kwa kalamu: "Tuliohudhuria tumeomba yafuatayo," kisha tunayataja, ndipo sahihi zinafuata. Halafu mtu anaipiga picha kwa simu. Mara ya kwanza ofisa alikasirika. Yule karani mstaafu ndiye aliyenitia moyo: alinieleza kwamba mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakuwa wameshirikishwa ipasavyo. Kama jaji anaweza kuuliza watu waliitwa vipi na walisikilizwa vipi, akasema, basi kijiji nacho kinaweza kuuliza.

Ni huyo karani pia aliyenifungua macho kuhusu majira. Ilikuwa 2016. Nilikuwa nimemlalamikia kwamba kila mwaka tunaitwa, tunaomba, tunarudi na soda. Akatoka uani, akachukua kijiti, akachora mstari mrefu kwenye udongo. Juu ya mstari akaweka mambo yetu: Machi kupanda, Aprili na Mei palizi, Agosti kuvuna mahindi, Septemba maharagwe ya vuli. Chini yake akaweka mambo ya fedha. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kufikia Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka utakaofuata uwe umefikishwa kwenye bunge la kaunti. Kufikia Februari 28, uwe umefika waraka wa mkakati wa fedha, na huo ndio unaoweka kiwango cha kila idara. Aprili 30, makadirio ya bajeti. Juni 30, yawe yamepitishwa. Yote hayo yako katika sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012.

"Sasa nionyeshe," akasema, "ninyi huomba maji lini?"

Nikaweka kidole kwenye Mei. Kila mkutano tulioitiwa tenti na soda ulikuwa wa Mei.

"Mnafika sufuria zikisuguliwa."

Nilikaa kwenye kigoda chake nikatazama ule mstari muda mrefu. Kitu tunachotaka kijengwe kuanzia Julai ya mwaka ujao, tunapaswa kukisema Agosti ya mwaka huu, na Agosti ndiyo kila mkono uko kwenye mahindi, na watoto wako nyumbani kwa likizo. Mwezi Mei unaweza kupigania ombi lililomo lisiondolewe. Kuingiza jipya wakati huo ni vigumu sana, kwa sababu fedha zimeshagawanywa kwa idara na majina ya miradi yameshaandikwa. Hakuna aliyetuficha hayo, yamo sheriani. Ila hakuna aliyetuambia pia, na tangazo la Agosti lilikuwa likitoka gazetini kwa Kiingereza, na gazeti halifiki bondeni kwetu. Wenzetu wa Makueni, nasikia mara nyingi, mikutano yao huanzia kijijini, ikapanda kwenye kundi la vijiji, ndipo wadi. Ningependa sana hata kwetu ianzie kijijini na mapema.

Tukaamua kuianzisha wenyewe. Agosti 2016, kabla mtu yeyote hajatuita, tulifanya mkutano wetu chemchemini saa tisa alasiri, foleni ikiwa fupi. Akina mama walikuja na mitungi, kwa hiyo hakuna aliyepoteza safari. Tulimwalika msimamizi wa wadi, naye akaja, jambo ambalo namshukuru hadi leo. Alivua viatu akashuka hadi kwenye jicho la maji. Mama mmoja ambaye sijawahi kumsikia akisema neno kwenye baraza alimshika mkono ili asiteleze, na huku akimshika akamweleza kila kitu.

Lakini siku hiyo ndiyo iliyofungua ugomvi wa miti.

Chemchemi iko kwenye shamba la shemeji yangu, mjane wa binamu ya mume wangu. Juu ya mwamba alikuwa na mikaratusi, ile tunayoiita bulugamu, kama arobaini hivi. Kila mtu wa huku anajua bulugamu inavyokunywa. Mbele ya msimamizi, kijana mmoja akasema kwa sauti kwamba hakuna haja ya kuomba pesa za kaunti wakati mtu mmoja anakausha maji ya wote. Shemeji akasimama. Akasema miti hiyo ndiyo karo ya mwanawe wa kidato cha pili, kwamba alipofiwa hakuna aliyemletea hata debe la mahindi baada ya matanga kuisha, na kwamba kama kaunti ikijenga ukuta pale, kesho watasema ardhi ni ya kaunti. Kisha akaondoka. Kesho yake njia ya chemchemi ilikuwa imezibwa kwa miiba.

Niliandika yote, kurasa nne. Nikiyasoma sasa naona kwamba alikuwa na haki katika kila neno. Tulikuwa tumepanga juu ya ardhi yake bila kumkalisha kwanza. Tulimfanyia kile kile tulichokuwa tukiwalalamikia watu wa ofisini.

Kukhu alikwenda peke yake, na kilo mbili za sukari. Alikwenda Jumatatu, akaenda Alhamisi, akaenda tena wiki iliyofuata. Sijui walizungumza nini, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee alichokataa niandike. Ninachojua ni mapatano. Miti ingebaki hadi mwana amalize kidato cha nne, ingevunwa kwa bei nzuri, na machipukizi yangeng'olewa yasirudi. Sisi tungepanda miti ya mukumu na nyasi mahali pake. Ukurasa mmoja wa Kiswahili ukaandikwa: ardhi ni yake na inabaki kuwa yake, watu wana haki ya njia na ya kuchota, ng'ombe watanywa chini, kwenye mfereji, si kwenye jicho. Tulipotaka kusaini tukagundua hati ya shamba bado iko kwa jina la baba mkwe, aliyefariki zamani, na urithi haujawahi kufanywa. Ndugu wanne wa marehemu wakabidi watafutwe watie sahihi. Mmoja alikuwa Kisumu, mwingine alikuwa Nakuru akifanya kazi kwenye shamba la maua, naye alikuja Krismasi. Chifu akashuhudia. Mapatano yalichukua miezi minane, Agosti hadi Machi, na katika miaka yote hii sijaona kazi ya upangaji iliyokuwa ngumu kuliko hiyo.

Mwaka 2017 ulikuwa wa uchaguzi na mpango wa pili wa miaka mitano, 2018 hadi 2022, ukatungwa baada yake. Ombi letu lilimo, bila fedha. Mwaka 2020 korona ikaja, mikutano ikafungwa, tukaambiwa tutume maoni kwa barua pepe. Kurasa za mwaka huo ni chache.

Kisha tukafika kwenye mpito wa pili, ule wa uchaguzi wa Agosti 9, 2022. Kwa watu wa mjini mpito ni habari za magavana na makabidhiano. Kwetu mpito ni fundi kuondoka na vifaa vyake asubuhi moja bila kuaga. Lile darasa la chekechea lilisimama tena. Mwakilishi wadi aliyekuwapo akaanguka, mpya akaingia na watu wake, na maofisa waliotujua wakahamishwa, pamoja na yule msimamizi aliyevua viatu. Katika mkutano wa mpango wa tatu, wa 2023 hadi 2027, kiongozi mmoja akasimama akasema kwa furaha kabisa, "Hayo ya zamani tuyaache, leteni mapya."

Nilisimama na daftari la bluu. Mikono ilinitoka jasho. Nikasema, mheshimiwa, sisi hatuna mapya, tuna lile lile. Nikasoma: 2013, tuliomba maji. 2014, maji. 2015, maji. 2016, mkutano chemchemini, msimamizi alikuwepo, huu hapa mwandiko wake. Machi 2017, mapatano ya ardhi, sahihi za ndugu wanne na mjane, shahidi chifu. Desemba 2018, mikaratusi imevunwa, kijana amemaliza shule. Nilipofika hapo watu walikuwa wamenyamaza, na shemeji yangu, aliyekaa safu ya nyuma, akasimama bila kuitwa, akasema, "Mimi ndiye mwenye shamba. Nimekubali."

Ofisa kijana wa mipango akaja baada ya mkutano akaniomba apige picha kurasa zile. Aliniambia miradi mingi ya chemchemi hukwama kwenye ardhi, na kwamba kijiji chenye karatasi ya makubaliano hakina kikwazo hicho. Kumbe ule ukurasa mmoja uliotugharimu miezi minane ndio uliotuvusha.

Hata hivyo kuingia kwenye mpango wa miaka mitano si kupata fedha. Mpango ni orodha ya matumaini. Fedha zimo kwenye bajeti ya mwaka. Na kuijua bajeti ya mwaka lazima uione. Hapo ndipo alipoingia mtoto wa dada yangu.

Ni kijana wa bodaboda, alikuwa Nakuru miaka minne. Mikutano hakuwahi kuihudhuria. Alisema ni ya wazee na soda. Juni 2024 alikuwa miongoni mwa vijana waliojaa barabarani kuupinga mswada wa fedha. Tarehe 25 watu waliuawa, na kesho yake rais akasema hatautia sahihi. Alirudi nyumbani Julai akiwa kimya kwa siku nyingi. Usiku mmoja alinikuta naandika, akauliza ninaandika nini. Nikampa daftari. Alisoma hadi taa ikafifia. Kisha akasema, "Mama mdogo, kumbe mlikuwa mnafanya hivi miaka yote hii?"

Ndiye aliyeandika barua. Kifungu cha 35 cha katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inampa ofisa siku 21 za kujibu. Aliipeleka mwenyewe, akadai nakala igongwe muhuri wa tarehe, akaiweka ndani ya daftari. Siku ya kumi na tisa nakala ya mpango wa mwaka ikaja kwenye simu yake, kurasa nyingi mno, na akazisoma zote juu ya pikipiki yake akingoja abiria. Chemchemi yetu ilikuwemo. Jina la kijiji lilikuwa limekosewa herufi mbili, likawa jina la kijiji kingine kilicho upande wa pili wa kaunti. Hebu fikiria kama hakuna aliyesoma! Tulikwenda sote Agosti hiyo, kabla ya tarehe ya Septemba, watu kumi na wanne kwenye matatu moja, tukaomba herufi mbili zirekebishwe. Zilirekebishwa tukiwa hapo hapo, na ofisa alitushukuru.

Ujenzi ulianza kiangazi, katika mwaka wa fedha uliofuata. Mafundi walichimba hadi kwenye jicho lenyewe, wakajaza mawe, wakafunika kwa karatasi ya plastiki na udongo wa mfinyanzi, wakainua ukuta wa zege wenye mabomba mawili, wakachimba mtaro juu wa kuzuia maji ya mvua yasiingie. Vijana wetu walibeba mawe. Wiki ya kwanza nilikwenda na simu kupima: mtungi wa lita 20, sekunde 50. Mtoto wa miaka saba alichota akaondoka huku mimi bado natafuta kalamu.

Ngazi hazikujengwa. Kwenye makadirio zilikuwemo, ngazi kumi na mbili na kishikio cha chuma, lakini kazi ilifungwa bila hizo. Kukhu sasa ana miaka themanini na kitu na hawezi kushuka ule mteremko. Maji ya kwanza ya bomba alipelekewa na shemeji yangu kwenye kikombe cha bati, akayanywa ameketi mlangoni.

Jana jioni niliketi naye. Daftari la tatu ni la kijani, na mtoto wa dada yangu ndiye katibu sasa. Mwandiko wake ni mbaya lakini anaandika kila kitu. Kukhu alimuuliza ni tarehe ngapi. Akamwambia. Akahesabu kwa vidole hadi Agosti.

"Basi bado kuna muda," akasema. "Andika: ngazi."